Kopo la Miaka Kumi na Tisa

Méthode alipogundua kwamba haoni tena mikia ya herufi ndogo, alimwambia mtu mmoja tu. Hakumwambia mkewe Odette, ambaye angelia kwanza, kisha ampigie simu kila shangazi kuanzia Ngozi mpaka Bujumbura. Hakumwambia mchungaji wake. Na zaidi ya wote hakumwambia Steve, mwenye karakana, kwa sababu Steve akijua, meza ya kuchongea ingekuwa ya mtu mwingine kabla ya chai ya saa nne. Alimwambia Ruphin.

Na kwa nini asimwambie? Ruphin alikuwa mtu wake. Alimkuta miaka sita iliyopita pale Point, mtaa wa bandarini wa jiji hili la ugenini, kijana wa watu kutoka Uvira, akiuza makava ya simu juu ya boksi na kuwakimbia askari wa jiji mara mbili kwa siku. Akamlaza kwenye kochi lake miezi mitatu, mke na watoto wake walipofika akawatafutia chumba, na alipoona vidole vyake vina utulivu akampeleka Pinetown, nje kidogo ya jiji, kwa Steve na kusema huyu ni ndugu yangu, mpeni ufagio. Kutoka kwenye ufagio akampandisha mwenyewe hadi kwenye meza.

Karakana yenyewe iko nyuma ya duka la matairi, na kazi yake ni moja: kutengeneza makopo ya bia ya kizungu. Wenyewe huyaita tankadi. Ni kopo zito la pyuta, madini meupe laini ya ukoo wa bati, lenye mkono wa kushikia, na mfuniko unaouinua na kuushusha kwa dole gumba. Vilabu vya gofu huyanunua, na timu za raga, na wazazi ambao mtoto wao ametimiza miaka ishirini na moja na hawajui wampe nini. Ya bei rahisi huandikwa na mashine. Ya watu wanaojua kitu huchongwa kwa mkono, na mkono huo ulikuwa wa Méthode.

Makopo ya zamani yana kitako cha kioo. Marehemu baba yake Steve, aliyemfundisha Méthode kazi, alimweleza sababu. Alisema Wazungu wa kale walikuwa hawaaminiani hata kidogo, kwa hiyo mtu akiinua kopo na kufunika uso wake, alitaka aendelee kumwona aliyekaa mbele yake kupitia kitako, asije akachomwa upanga huku akimalizia povu. Méthode alicheka siku nzima. Kwao Ngozi, alisema, jambo hilo walilimaliza bila kioo. Anayekupa pombe huonja kwanza, mbele ya macho yako, ujue haina kitu. Basi. Na akishaonja, wewe huna ruhusa ya kukataa. Ukikataa pombe iliyoonjwa, umemwambia mwenye kuitoa, mbele za watu, kwamba undugu umekwisha.

Desturi hiyo aliileta karakana nzima. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, wakimaliza kazi, walijaza kopo moja bovu ambalo halikuuzika, Méthode akaonja, akampa Boniface, Boniface akaonja, akampa Gracieuse, hivyohivyo mpaka lirudi. Boniface ni Mtanzania wa Tukuyu, ndiye anayeyeyusha pyuta na kuimimina kwenye kalibu. Gracieuse ni mama wa Bukavu, ndiye anayeng'arisha, na kwa vile ameokoka, alijaziwa kopo lake la pembeni, la soda ya tangawizi, lakini alionja naye kama wengine. Ruphin alifundishwa desturi hiyo usiku wake wa kwanza kwenye kochi, kwa bia ya ndizi ambayo Odette huipika kwenye ndoo bafuni. Alikunywa mpaka tone la mwisho, akajipangusa mdomo, na tangu hapo akawa anamwita Méthode "grand", kama Wakongomani wanavyomwita kaka mkubwa.

Kwa hiyo Oktoba, ukungu ulipoingia kwenye jicho la kulia na kuanza kulichungulia la kushoto, Méthode alimvuta Ruphin kando, nyuma ya mitungi ya gesi, akamwambia. Alikuwa ameshakwenda kliniki. Mtoto wa jicho, walimwambia, jambo la kawaida, linatolewa kwa nusu saa, ila foleni ni ndefu na zamu yake ni Februari. Ilikuwa miezi minne tu. Mtu aliyekaa na meza miaka kumi na tisa hashindwi kuificha kwa miezi minne, akipata wa kumsaidia.

Wakapatana. Nakshi, majani, nembo na herufi kubwa angezifanya Méthode mwenyewe, maana hizo mkono wake ulizijua hata taa ikizimwa. Herufi ndogo, zile zinazolingana na punje ya mchele, angezifanya Ruphin, Steve akiwa ofisini. Steve angeiona kazi ikiwa imekwisha, na kazi iliyokwisha haisemi ni nani aliifanya.

"Grand, miye siwezi sema," Ruphin alimwambia, mkono kifuani. "Hii maneno iko kati yetu wawili. Mpaka Février."

Méthode akampa kalamu yake ya chuma ya kuchongea, ile yenye kishikio cha mti mweusi aliyopewa na marehemu baba yake Steve. Si kwa kuazima. Alimpa. Watu wengine wana moyo mwepesi wa kutoa, na ukiwaambia wapunguze wanakuona wewe ndiye mchoyo.

Oktoba ikaenda vizuri. Kuelekea mwisho wa Novemba, asubuhi moja ya Jumanne, Ruphin akatoka ofisini na karatasi ya kazi, akaiweka mezani bila kukaa. Ilikuwa ya kopo la kuaga.

Hapa nieleze, maana bila hili mtu atasema Méthode alikuwa mjinga, na hakuwa mjinga. Karakana ile humpa kopo kila anayeondoka, la kizamani lenye kitako cha kioo. Huchongwa nakshi, miaka aliyofanya kazi na maneno ya shukrani, lakini jina huachwa wazi mpaka asubuhi ya siku yenyewe. Zamani walichonga jina mapema, na mwenye jina akafa wiki moja kabla ya kuagwa, kopo likabaki pale rafu ya juu likiwatazama. Marehemu baba yake Steve akaapa haitatokea tena. Kwa hiyo kopo lisilo na jina halikumshtua Méthode. Alikuwa ameyachonga kumi na moja ya namna hiyo kwa mikono yake.

Karatasi ilisema miaka kumi na tisa. Waliofika miaka kumi na tisa walikuwa wawili tu, Méthode na Boniface, walioajiriwa mwezi mmoja. Na Boniface alikuwa ameshinda mwaka mzima akiwaonyesha picha za nyumba anayoijenga Tukuyu, leo lenta, kesho bati. Méthode hakuona la kufikiri. Hata hivyo aliuliza.

"Ni la Boniface?"

Ruphin alikuwa ameinama, anatafuta kitu kwenye droo. "Ni ya Boniface," alisema. "Ila usimwambie, grand. Steve anataka iwe surprise."

Basi mzee wa watu akaingia kazini. Sijui kama aliwahi kuchonga kopo vizuri vile. Kwa vile Boniface alikuwa wa Tukuyu, na Tukuyu ni migomba juu ya migomba, alizungusha majani ya mgomba chini ya ukingo, jani juu ya jani, kila jani na mshipa wake wa katikati, na machache akayapasua pembeni kama upepo unavyoyapasua. Jicho lilikataa, akatumia dole gumba. Alichonga kidogo, akapapasa, akachonga tena. Pyuta ni laini, ukiteleza mara moja madini yameondoka na hayarudi, na katika siku nane zile hakuteleza hata mara moja. Nyumbani Odette alimuuliza kwa nini anaimba. Akasema rafiki yake anarudi kwao, na anamchongea kitu cha kuweka kwenye kabati la sebuleni, wageni waulize.

Alijaribu hata kumchokoza Boniface kidogo. Alimfuata kwenye jiko la kuyeyushia, akamuuliza Tukuyu saa hizi mvua ikoje, na kama ameshafunga mizigo.

"Mizigo gani?" Boniface alishangaa. "Nani kakwambia naondoka? Nyumba yenyewe haina hata dari, bwana. Mimi nipo sana."

Méthode akamgonga bega na kuondoka akicheka. Aliona mwenzake anajua kuficha mambo.

Ijumaa ya wiki ya pili ilipofika, siku ya kuaga, Ruphin akaja na habari kwamba Steve anaomba Méthode apeleke kopo la mteja Morningside, mzee mmoja wa klabu ya kriketi asiyependa kutumiwa vitu na watu asiowajua. Na jina la Boniface, Méthode aliuliza, nani atalichonga? Jina ni herufi kubwa. Jina lilikuwa lake siku zote. Ruphin akasema asiwe na wasiwasi, atalifanya yeye, grand aende akapumzishe macho. Alisema hivyo hasa, apumzishe macho, na Méthode akaguswa na maneno yale, akapanda taksi na boksi lake mapajani akiwaza kwamba kijana amekuwa mtu mzima.

Alirudi saa tisa. Meza ya kufungashia ilikuwa imetandikwa kitambaa. Kulikuwa na sambusa, keki, katoni ya bia, na watu wote wamejipanga, mashine zimezimwa. Gracieuse alikuwa ameshika simu tayari kurekodi. Méthode alikwenda kusimama karibu na Boniface, ili amwone uso atakapoitwa. Boniface alikuwa na sambusa mkononi na alionekana mtu asiyejua lolote, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Steve akagonga chupa kwa kijiko. Ni mtu mwema Steve, tatizo lake ni kwamba hutaka kila mtu atoke kwenye chumba akitabasamu. Alianza kwa kumtaja baba yake. Akasema kuna watu wawili waliobaki wa zama za baba yake, na leo ni siku ngumu. Halafu akasema jina, na jina lilikuwa Méthode.

Méthode aligeuka nyuma, kuangalia Méthode mwingine ni yupi.

Steve akaendelea. Wiki mbili zilizopita, alisema, siku ya Jumatatu, Ruphin alikwenda ofisini kwake na machozi machoni. Alimweleza kwamba macho ya mzee yamekwisha, kwamba mzee ana aibu ya kusema, na kwamba kwa muda sasa yeye Ruphin ndiye anayemalizia kazi zote. Steve alisema hajawahi kuona upendo wa namna hiyo kwa mtu asiye baba yako. Alimshukuru Ruphin mbele ya wote. Alisema mzee amechoka vya kutosha, sasa apumzike, na meza ya kuchongea, kuanzia Jumatatu, itakuwa mikononi mwa mtu ambaye mzee mwenyewe alimfundisha. Watu wakapiga makofi. Mwanamke wa ofisini alifuta macho.

Méthode alikuwa anahesabu. Jumatatu, wiki mbili zilizopita. Karatasi ililetwa Jumanne. Kwa hiyo yule aliyeinama kwenye droo, akitafuta kitu ambacho hakukipata, alikuwa anajua. Siku nane alimwacha akizungusha majani ya mgomba kwenye kopo la kujifukuzia mwenyewe kazi, akija kila saa kuangalia na kusema grand, hii iko mzuri sana.  Meza ya kuchongea angeweza kuiacha, siku moja angeiacha tu. Lakini kuimbishwa!

Alimwambia Steve, kwa Kiingereza chake cha miaka yote ile, kwamba Februari anafanyiwa upasuaji, nusu saa tu, na Machi atakuwa anaona kama zamani. Uso wa Steve ukabadilika. Alimtazama Ruphin, akatazama keki, akasema hakuambiwa habari za Februari. Kisha akasema Ruphin ameshasaini mkataba, na kwamba Méthode aje mwaka mpya, waongee, hakika wataongea. Kila aliyewahi kufanya kazi ya mtu anajua maana ya kuja mwaka mpya mkaongea.

Méthode akageukia Ruphin, na sasa alizungumza Kiswahili, lugha ambayo Steve haijui na Boniface na Gracieuse wanaijua.

"Februari hukumwambia?"

Ruphin aliangalia viatu vyake. "Grand, niko na batoto," alisema. "Ungerudi na macho yako, miye ningerudi kwa ufagio."

Boniface aliweka sambusa chini. Gracieuse alishusha simu. Wale wengine waliokuwa bado wanatabasamu wakaacha mmojammoja, bila kujua wanaacha kwa nini.

Steve, maskini, aliona tu kwamba sherehe inapoa. Akalijaza kopo yeye mwenyewe, bia ikafura mpaka kwenye majani ya mgomba, akamkabidhi Ruphin na kumsukuma taratibu mgongoni ampelekee mzee wake. Ruphin akatembea hatua zile nne, mikono miwili, kama alivyofundishwa. Akalinyoosha.

Méthode hakunyoosha mkono.

"Onja kwanza," alisema.

Alisema polepole, sauti ya kawaida ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Ruphin akamwangalia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo wakatazamana. Sijui aliona nini kwenye macho yale yenye ukungu. Labda aliona msamaha, kwa sababu uso wake ulilegea, akainua kopo haraka, akanywa funda kubwa, kubwa kuliko la kuonja. Kupitia kitako cha kioo Méthode aliliona jicho lake moja, limekuzwa na bia, likimchungulia. Akashusha. Povu lilikuwa limemkaa juu ya mdomo na hakulipangusa. Akalinyoosha tena.

Safari hii Méthode alilipokea, kwa mikono miwili. Dole gumba lake likatafuta jina. Lilikuwa limechongwa vizuri, hilo lazima lisemwe. Kina kimoja mwanzo mpaka mwisho, pembe safi, na kila herufi mkia wake umenyanyuliwa kidogo mwishoni, jinsi marehemu baba yake Steve alivyomfundisha Méthode na Méthode akamfundisha Ruphin. Kalamu yenye kishikio cha mti mweusi ilikuwa imefanya kazi yake. Alilipapasa jina lake lote, taratibu, na wengine wakasubiri anywe.

Halafu dole gumba likapanda juu, likakuta mfuniko, likaubonyeza chini. Mfuniko ukagonga ukingo. Akaliweka kopo mezani, limejaa, limefungwa, katikati ya Ruphin na yeye.

Steve akacheka kwa furaha, akasema mzee analiweka akanywe na mama nyumbani. Wa ofisini wakacheka pamoja naye. Boniface hakucheka. Gracieuse alijifunika mdomo kwa leso. Ruphin alibaki amesimama palepale, mikono yake miwili bado mbele, imenyooka, haina kitu.

Méthode alichukua koti lake kwenye msumari. Alimshika Boniface mkono, akamshika Gracieuse mkono, akamshukuru Steve kwa keki. Alipofika mlangoni, nyuma yake alimsikia Steve akimwambia Ruphin amkimbilie mzee, amesahau kopo lake. Alikwenda mpaka kwenye duka la matairi, na mpaka barabarani, na hakusikia mtu anakimbia.